Pomboo Aliyepewa Jina Langu

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama ameketi hapa anachambua mchele, na ananijua, angeniuliza kama nimeanza na salamu. Ungekuwa hai leo, sijui kama ingenitoka mdomoni.

Mjukuu wako amezaliwa. Wa kiume, kama ulivyokuwa ukitabiri. Ana wiki tano na siku mbili, ananyonya kama kuna mtu anamkimbiza, na hana jina. Tunamwita Mgeni. Shangazi Kwandu amekuja mara tatu kutoka Magu kunisema, na mara zote tatu amesema maneno yale yale, kwamba mtoto asiye na jina hulia bure. Huyu halii bure, analia akiwa na njaa. Wakwe zangu wamenyamaza, maana tulikubaliana tangu Holo alipozaliwa: wa kwanza achukue jina la kwao, wa pili la kwetu. Kwa hiyo wote wananisubiri mimi. Padri naye ananisubiri. Ubatizo ni Jumapili hii.

Na wewe ndiye uliyeomba aitwe kwa jina lako, Malimi. Nakumbuka vizuri. Upande wako wa kulia ulikuwa umeshakufa kwa kiharusi, maneno yanatoka moja moja, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali na mimba ya miezi minne. Ukanishika kidole ukasema, "Akiwa wa kiume, Minza, usiniache nipotee." Nikaahidi. Nilikuwa nalia, lakini niliahidi kwa moyo wote, kwa sababu nilikuwa sijui ninachokijua sasa.

Kwanza nikupe habari za hapa Kigongo. Daraja limeanza kazi. Magari yanapita juu moja kwa moja mpaka Busisi, hakuna tena anayeshuka kunyoosha miguu akisubiri kivuko, na unajua mama aliishi kwa wale wanaosubiri. Meza yake ya sato wa kukaanga ameihamishia juu barabarani. Anasema watu wa siku hizi wana haraka ya kufika ng'ambo kana kwamba ng'ambo kuna kitu kipya. Goti la kushoto bado linamsumbua. Mbuzi wako wa pembe moja amekufa. Unaona? Nimekwambia. Amekufa, nimesema amekufa, na mbingu haijaanguka.

Sasa tuzungumze habari za Minza. Siyo mimi. Yule mwingine.

Nilikuwa darasa la tatu ulipoondoka. Wakala alikuja Mwanza akitafuta vijana wanaojua kuogelea na kuzamia, waende Uarabuni kusafisha mabwawa, na hapa kwetu hakuna aliyekushinda. Kokoro likinasa kwenye mwamba, ule wavu mrefu wa kuvutia ufukweni ambao siku hizi ni marufuku, uliitwa wewe. Ulikuwa unazama kulifungua mpaka watu juu wanaanza kutazamana. Tukajua unakwenda kusugua mabwawa ya matajiri. Miaka miwili baadaye ukarudi likizo na picha, uko ndani ya maji mpaka kifuani, umevaa nguo nyeusi ya mpira, na mbele yako kuna mnyama wa kijivu ametoa kichwa, mdomo mrefu, anacheka.

Shangazi Kwandu aliishika ile picha akauliza huyu ni samaki gani mwenye uso wa kukujua. Ukamweleza kwamba si samaki, ni pomboo, anavuta hewa kama sisi, anazaa na kunyonyesha. Shangazi akasema, "Anayenyonyesha huyo ni mtu. Mrudisheni kwao." Tukacheka mpaka mama akaunguza samaki. Miaka yote hii, Baba, mtu mmoja tu ndiye aliyesema neno la maana juu ya jambo hili, nasi tulimcheka.

Kisha ukatuambia kwamba mnyama yule alifika kwenye bwawa lenu la maonyesho hana jina. Wenye mahali wakawauliza wafanyakazi, nawe ukawapa langu. Shangazi alinuna siku mbili. Lile jina ni la mama yenu, Bibi Minza, nami nilipewa kwa sababu yeye alikufa. Tangu naanza kutembea mlinipeleka kwenye kaburi lake pale nyuma ya ua wa minyaa, mkaniambia huyu ndiye aliyekuwa nalo kabla yako, mwamkie. Nikaliamkia kaburi, shikamoo Bibi. Shangazi akasema jina la mtu haliendi kwa mnyama. Ukamjibu kwamba ng'ombe wetu wana majina tangu enzi za babu na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Mimi nilivimba kichwa. Shuleni nilimwambia kila mwenye masikio kwamba Uarabuni kuna pomboo anaitwa Minza. Wakaniita Pomboo, nikaitika. Kila barua niliyokuandikia nilimaliza kwa kusema nisalimie Minza, mwambie nami nimejifunza kuzama. Nawe kila barua ulijibu kwamba amepokea salamu.

Na ulijua kumweleza, hilo siwezi kukunyima. Ulisema ngozi yake ni laini kama yai lililochemshwa likamenywa. Ulisema halali akili yote, anapumzisha upande mmoja wa ubongo na jicho moja linabaki wazi, kwa sababu akilala kabisa atasahau kupanda juu kuvuta hewa. Ulisema anakutambua kati ya watu mia, kwamba siku ukiwa na homa anakuja ukingoni anakutazama, harukiruki. Lakini nililolipenda kuliko yote ni habari ya mluzi. Ulisema kila pomboo ana mluzi wake mmoja, anautunga akiwa bado mchanga ubavuni mwa mama yake, na ndio anaojiita nao mpaka kufa. Wenzake wakimtaka wanaupiga mluzi ule ule. Ukakunja midomo ukanipigia wa Minza. Unapanda, unasita kidogo, halafu unashuka taratibu. Niliupiga kutwa nzima, mama akasema nitaita nyoka ndani ya nyumba.

Ulikuja pia na filimbi, ya kamba nyekundu shingoni. Nayo tukaifanyia mchezo. Nilisimama kwenye maji mbele ya kivuko cha zamani, ukipuliza mara moja nazama, ukipuliza mara mbili naibuka na kuja mbio kwako, unanipa kipande cha mua. Nikichelewa hunipi. Nikikosea hunipi, unautia mua mfukoni unatazama pembeni kana kwamba hunijui, mpaka nipatie. Kila likizo tulicheza hivyo. Watoto wa jirani walikuwa wananionea wivu kwa kuwa na baba wa namna hii.

Nikiwa kidato cha kwanza ukaja tena. Nikakwambia nipigie mluzi wa Minza. Ukapiga. Ulikuwa mwingine, unatetemeka mwanzoni halafu unapanda mara mbili. Nikasema, Baba, mbona umebadilika? Ukaitazama miguu yako. Ukasema, "Amekua." Nikaridhika, nami mwili wangu ulikuwa unabadilika mwaka ule.

Likizo hiyo hiyo ndiyo uliyotusimulia habari ya bahari. Mlikuwa mmechukuliwa na boti kwenda mbali kikazi, ukasema, hukueleza kazi gani, na asubuhi kabla ya joto mkawakuta pomboo walio huru. Kundi zima, na watoto wao wameambatana na mama zao ubavuni. Walikuja wenyewe kuicheza boti, wanapita chini yake, wanatokea upande wa pili, wanaruka wawili wawili na kuanguka pamoja. Ukasema jambo ambalo sijawahi kulisahau, kwamba wale walikuwa wanaruka na hakuna aliyewashikia samaki. Macho yako yalilowa. Nikadhani ni uzuri uliokuliza.

Ile habari niliibeba, Baba. Ndiyo iliyonifanya nipende kusoma habari za viumbe, ndiyo iliyonifanya mwalimu. Darasani kwangu Kisesa, darasa la sita, ukuta wa nyuma, nilichora pomboo mkubwa kwa rangi ya mafuta nikaandika chini yake MINZA. Kila mwaka watoto wapya wananiuliza kama bado yupo, nami nawajibu yupo, amezeeka, baba yangu alimwacha mzima. Uliporudi moja kwa moja nilikupeleka shuleni ukasimama mbele ya ukuta ule. Watoto sabini wanakutazama. Ukasema nimechora vizuri mno, isipokuwa pezi. Ukaomba maji ya kunywa.

Wiki tatu zilizopita alikuja Mzee Ochieng, Mjaluo yule wa Shirati mliyefanya naye kazi, ambaye jina lake tulilisikia kila siku na uso wake hatukuwahi kuuona. Msiba alikuwa ameusikia kwa kuchelewa. Alikuja na jogoo na kilo mbili za sukari, akapiga goti kaburini kwako, akarudi akakaa na sisi kibarazani. Mtu mpole. Akamshika Mgeni akasema ana paji lako la uso. Mimi, kwa kutaka kumfurahisha, nikamuuliza kama naye alimwacha Minza akiwa mzima.

Akaniuliza, "Minza yupi, mwanangu?"

Nikacheka. Nikadhani ananitania, kwamba yupi kati ya mimi na yule. Yeye hakucheka. Akasema yule wa mwisho alimwacha mzima miaka saba iliyopita, sasa hajui, lakini wale watatu wa kwanza alidhani Malimi ametuambia. Akamtazama mama. Mama akainama akaanza kumkung'utia Mgeni vumbi ambalo halikuwepo.

Walikuwa wanne, Baba. Wanne.

Mzee Ochieng hakutaka kuendelea, nilimlazimisha. Nilimwambia kwetu mgeni haondoki na nusu ya neno. Akaeleza. Wa kwanza, yule wa picha, alimeza glavu ya mpira iliyoangushwa na mgeni, akakaa siku tisa bila kula. Ulikuwa unaingia majini unamshika ubavu apande kuvuta hewa. Wa pili aliota vidonda vya ngozi kwa dawa ya kusafishia maji, nanyi mlikuwa mnamtilia vidonge kwenye mashavu ya samaki ili ameze bila kujua. Wa tatu alikuwa anagonga kichwa ukutani, taratibu, kila siku mahali pale pale, mpaka rangi ya ukuta ikatoka. Wakifa walitolewa alfajiri kwa gari la taka, kabla wageni hawajafika na watoto wao. Kwenye lango kulikuwa na bango kubwa, picha ya pomboo na jina. Kuligeuza bango ni kukiri, akasema Mzee Ochieng. Kwa hiyo aliletwa mwingine, akapewa jina lile lile, onyesho likaendelea saa kumi kama kawaida. Na wageni hawakujua, kwa sababu mdomo wa pomboo umeumbwa hivyo. Akiwa amefurahi anacheka, akiwa anakufa anacheka.

Hayo ningeyameza. Ningesema baba yangu alikuwa mfanyakazi, bango si lake, gari la taka si lake. Nikamuuliza tu wale wengine walitoka wapi.

Akasema, "Wa pili tulimvua wenyewe."

Ile asubuhi ya bahari. Kundi lile, watoto ubavuni mwa mama zao. Wenye boti walikuwa na wavu mrefu na hawajui kuuvuta usijikunje, na wewe ukasema unajua. Mtu wa Kigongo, mtoto wa kokoro. Ukawaonyesha jinsi ya kulizungusha kundi kwa pande mbili, jinsi ya kuvuta kwa zamu ili wavu usinyanyuke chini, na wavu ulipojikunja ukazama wewe kuufungua. Wakamchukua jike mmoja mchanga. Mzee Ochieng anasema wenzake hawakukimbia. Walibaki nje ya wavu wakipiga mluzi mmoja, huo huo, na yule wa ndani akiwajibu, mpaka boti ilipoondoka.

Na ulikuja hapa ukatusimulia asubuhi ile kama zawadi. Ukanipa mimi. Nami nikawapa watoto wa watu darasani.

Kisha nikauliza nani aliyewafundisha kuitika jina, nikiomba Mungu asiseme. Akasema ni wewe, ulikuwa na mkono mzuri. Mpya akifika anaitwa Minza, filimbi inapulizwa, akija anapewa samaki. Asipokuja hapewi, hata siku mbili, hata tatu, mpaka aitike. Mtoto wa mvuvi, uliyelelewa kwa samaki, ukamnyima samaki kiumbe uliyemtoa kwa mama yake, mpaka akubali kuwa yeye ni mimi.

Ulinisaliti. Nimelitafuta neno la adabu zaidi sikulipata. Ulichukua jina nililopewa kwa heshima ya mama yako, ukalitumia kufunika maiti. Kila niliposema nisalimie Minza, kuna mmoja alikuwa ameshatupwa, nawe ukakaa chini ukaandika kwamba amepokea salamu. Najua utasema nini. Mzee Ochieng alishasema kwa niaba yako, kwamba wa kwanza alipokufa ulifunga begi urudi, na wiki hiyo hiyo ikafika barua yangu ya kidato cha kwanza, yenye orodha ya vitabu na mchoro wa Minza. Ukafungua begi. Kwa hiyo nisomeshwe mimi, na kosa liwe la mchoro wangu. Asante. Hilo nalo nimelipokea, na limenikaa shingoni.

Alipoondoka nilimgeukia mama. Nilikuwa na hasira za kuvunja vyombo. Akaendelea kugeuza samaki wake kwenye karai, halafu akasema alijua habari ya yule wa kwanza tu. Likizo ile ulikaa siku nne huli, na ukisinzia mchana unalitaja jina langu na mimi niko shuleni. Akasema mwanzoni alidhani una mwanamke huko. "Nikajiandaa kugombana na mwanamke," akasema, "kumbe baba yako anamlilia mnyama. Ningemgombeza vipi?" Tulicheka, Baba. Kidogo tu, kisha mimi nikalia na yeye akanilaza kichwa mapajani kama wakati nina surua.

Jumatatu nikamfunga Mgeni mgongoni nikaenda Kisesa, ingawa niko likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu alidhani nimechanganyikiwa. Nikasimama mbele ya darasa la sita nikawaambia kwamba Minza hakuzeeka. Niliwaambia yote, hata kokoro. Wapo watoto wa wavuvi mle, wanajua kokoro ni nini. Halafu binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo huyu wa ukutani ni yupi?" Nikaomba chokaa na brashi nikalifuta jina, mnyama nikamwacha.

Nilirudi nimeamua. Jina lako halitapita. Nilimpigia Shangazi Kwandu nikamwambia amtafute Malimi kwingine, siyo kwa mwanangu. Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu maishani.

Ingekuwa imeishia hapo kama si Holo. Ana miaka mitano sasa, unajua mkono wake haukai. Juzi asubuhi alifungua sanduku lako la bati akatoa filimbi, ile ile, kamba imefifia. Mimi nilikuwa majini nasuuza nepi. Nikasikia imepulizwa mara mbili. Baba, sikufikiri. Niliziacha nepi zikaelea, nikageuka, nikatoka majini mbio mpaka nikasimama mbele ya mtoto wangu. Nilipojitazama nilikuwa nimekinga mkono. Holo akaniuliza, mama, unataka nini?

Nilikaa chini kwenye mchanga. Mimi ni mtu mzima, mwalimu, mama wa watoto wawili. Ulinifundisha kwa mua na sikujua nimefundishwa. Halafu likanijia wazo ambalo silipendi na linakataa kuondoka: kwamba ulipokuwa unacheza nami vile, siku zile za likizo, ulikuwa huchezi. Ulikuwa hujui tena njia nyingine ya kumwita mtu unayempenda. Sijui kama ni kweli. Umekufa, sina wa kumuuliza.

Filimbi nimeiponda kwa jiwe la kusagia pilipili. Mama amenigombeza sana, kwa ajili ya jiwe.

Nikiwa bado pale mchangani nikaanza kupiga mluzi. Wa kwanza, unaopanda, unasita, unashuka. Kisha ule wa kidato cha kwanza, unaotetemeka. Kisha ule uliokuja nao nikiwa kidato cha nne, mfupi, mara tatu, kama mtu anayegonga mlango. Kisha wa mwisho, mrefu, ulionyooka. Yote minne ninayo. Ulinidanganya kwa maneno, lakini kila uliponipigia mluzi ulinipigia wa yule aliyekuwepo. Hukuwahi kumpigia mmoja mluzi wa mwenzake, hata pale ambapo ungeniridhisha. Na ndipo nikaona uongo wako mkubwa uko wapi, ni ule wa mwanzo kabisa. Ulisema alifika hana jina. Ulijua analo. Wote walifika nalo.

Basi sikia uamuzi wangu, usije ukasema sikukwambia.

Jumapili padri atauliza jina, nami nitasema Malimi. Shangazi Kwandu nimempigia tena, ameshaanza kulia na kupanga nguo. Nilikuahidi ukiwa unakufa, na mimi salamu zangu huwa zinafika. Lakini simpi jina hilo kama walivyofanya wao kule, mmoja akizibia pengo la mwingine ili wageni wasijue. Akianza kutembea nitamleta hapa kaburini kwako. Nitamwambia huyu ndiye aliyekuwa nalo kabla yako, mwamkie. Amekufa. Alinipenda, alizama vizuri kuliko watu wote wa Kigongo, na alivuta wavu ambao hakupaswa kuuvuta, na alinificha. Wewe si yeye. Nitamwambia yote, hata ikimuuma, na akiniuliza swali ambalo sina jibu lake nitamwambia sina.

Sijakusamehe. Labda nitakusamehe akiwa mkubwa, labda siku moja nikiwa nachoma mahindi, bila sababu. Usinisubiri mlangoni.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu, anauliza ulikoweka ufunguo wa kufuli la mtumbwi. Holo anakusalimu. Malimi amelala, mkono mmoja uko juu ya karatasi hii na nimeandika kumzunguka.

Nina neno moja tu la kukutuma. Kama huko uliko kuna maji, na kama wale watatu wapo, usiwaite Minza. Jina hilo ni langu na la bibi. Unaijua miluzi yao, mmoja mmoja. Waite kwa hiyo, na wasipokuja, waache.

Binti yako,
Minza